Watu wa Chini ya Kilima

Riwaya yangu inahusu watu wanaoishi ndani ya kilima, upande wa Kichiwa. Sura zao ni kama zetu, ila wanaishi kama mchwa: mama mmoja ndiye anayezaa, wengine wote wanachimba na kulea. Juu yao sisi tunalima viazi, hatuna habari. Niliiandika Makambako, alfajiri kabla ya kwenda kufundisha, na sioni haya kusema ni nzuri.

Mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam naye aliipenda, isipokuwa mwisho. Kuna binti mwenye mguu mbovu, mchimbaji wa polepole kuliko wote. Wenzake wakimaliza sehemu zao hugeuka, wakachimba kumfuata mpaka wakutane naye. Mchapishaji alisema wadudu hawana huruma. Binti aliwe na wenzake, msomaji ashtuke, la sivyo hachapishi.

Nilikitaka kile kitabu kuliko kitu chochote. Nikauandika mwisho alioutaka, na kabla ya kuutuma nikaenda nao Njombe, kwa mama, siku ya kuvuna viazi.

Kwetu viazi huvunwa kwa zamu, leo majirani wote kwa huyu, kesho kwa yule. Aliyemaliza mstari wake humrudia aliyebaki nyuma, na hakuna anayegusa togwa kabla wa mwisho hajafika. Togwa ilipomiminwa nikawasomea. Walicheka vizuri tu mpaka binti alipoliwa. Jirani yake mama, mwimbaji wa kwaya, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, hao wamelelewa na nani?"

Nikaeleza kwamba ni wadudu kidogo. Mama akasema hata wangekuwa wadudu kabisa, huyo mtoto ni wao.

Nikapiga simu palepale shambani, nikamwambia mchapishaji binti haliwi. Akanitakia kila la heri. Kitabu kikaishia steshenari ya Makambako, kikatolewa kopi na kubanwa kwa springi ya plastiki, na sasa watu wanaazimana nyumba kwa nyumba. Najivunia ile springi mpaka wenzangu shuleni wamechoka kunisikia.

Juzi stendi, mama mmoja wa Igwachanya nisiyemfahamu alinishika mkono, akahakikisha kwamba mwandishi ni mimi. Akauliza yule binti wa mguu anaendeleaje.

Nikamwambia hajambo, ameolewa.

"Nashukuru," akasema, akapanda gari lake.