Redio ilitangaza kijiji chetu hakina mtu, na sisi tulikuwa tunapika

Wakuu, habari za huko mliko.

Naandika kutoka Burungu, Masisi, Kivu ya Kaskazini. Kiswahili changu kina harufu ya Kongo, mtanivumilia. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na mama yangu amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari. Nikiongeza chumvi ananikata.

Nianze na baba yangu, Papa Anselme.

Huyu ni mkulima wa maharage na mihogo, tena mzee wa kanisa. Ana msimamo kwenye kila kitu chini ya jua, na msimamo huo haujasogea hata kidole tangu nizaliwe.

Nishati? Kuni, basi.

"Mimi nakata muti moja, napanda mbili. Iyo plake ya jua ikikufa, utapanda ingine?"

Ukimwambia dunia nzima inahamia kwenye hizo plake, yaani paneli za sola, anakunyooshea kidole upande wa Rubaya, kwenye migodi. "Wanachimba mawe yetu kule, wanaenda nayo mbali, wanaturudishia plake, na sisi tunapiga makofi."

Vita? Yeye hakimbii. Anasema ukikimbia umempa mwenzako shamba bila hata kumsumbua. Chakula chake amekificha sehemu tatu, na ya tatu hata Mama haijui. Akiwaona askari wanapanda mlima asubuhi halafu jioni wanashuka, anatikisa kichwa kama kocha aliyefungwa matano.

Redio? Ana kale kadogo ka mapile, yaani betri, anakasikiliza kutwa ili apate wa kugombana naye. "Hawa banahesabu risasi tu. Nani alishakuja kutuuliza maharage imetoka namna gani?"

Dini sasa. Kinanda kanisani hataki. Kucheza hataki. Ila sauti yake imeanza kukauka, kwa hiyo kanisa lilipopewa megafone, kile kipaza sauti cha mkononi, aliipokea bila mjadala wowote.

Megafone ile ni ya kuchajisha.

Wakuu, hapa ndipo dhambi yangu inapoanzia.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuipeleka Kitchanga kila Jumamosi, kwenye groupe ya mafuta, yaani jenereta. Kutoka kwetu kwenda Kitchanga na kurudi ni mguu wa kutosha. Na hapo hapo jirani yupo Mama Sifa, mjane, fundi wa kushona, mwenye plake ya jua juu ya bati lake.

Mnajua nilifanya nini.

Miezi sita nilikuwa nachajishia kwa Mama Sifa. Jumamosi natoka na megafone kwapani, naaga vizuri, napita nyuma ya migomba, naenda kukaa kwake napiga stori na kula viazi. Jioni narudi nimejipaka vumbi miguuni kwa makusudi. Mama ananipa maji ya kuoga, ananiambia pole kwa safari.

Halafu Jumapili Papa anasimama mbele, anashika megafone ile ile, anafundisha kwamba Mungu aliliweka jua liivishe maharage, siyo kuchajisha telefone.

Sauti inatoka safi mpaka bondeni.

Mama Sifa anainama kama anatafuta kitu kwenye kapu. Mimi nimeziba mdomo na kitabu cha nyimbo.

Basi. Mwaka huu nikapata mchumba, Neema, mwalimu wa shule ya msingi, kwao Walikale. Mjomba wake, Papa Bahati, ndiye aliyemlea, na yeye ndiye aliyepaswa kuja naye, pamoja na wazee wenzake, kuonana na wazazi wangu. Safari ya pikipiki na matope. Wakalala Masisi-Centre, ili kesho yake wafike kwetu.

Siku yenyewe, asubuhi, nyumba imejaa. Mbuzi ameshachinjwa. Mashangazi wanamenya mihogo na kunisema kwa sauti ili nisikie. Papa amekaa uani na sahani ya maharage, redio iko magotini.

Redio ikasema hivi, namnukuu mtangazaji kama ninavyomkumbuka: kufuatia milio ya risasi ya jana, kijiji cha Burungu hakina tena mtu, wakaaji wote wamekimbia.

Milio kweli tulikuwa tumeisikia, mlima wa mbali. Lakini kukimbia?

Papa akaangalia sahani yake. Akaangalia mashangazi. Akauliza taratibu, "Sasa mimi niko nani?"

Tulicheka, wakuu. Shangazi mmoja aliangusha kisu.

Papa akasimama kushangilia ushindi wake. "Niliwaambia! Miaka yote nilikuwa nawaambia!"

Mama peke yake hakucheka. Akasema, "Na wakwe? Wao hawana redio?"

Kicheko kikakatika pale pale.

Maana fikiria wewe ni Papa Bahati. Unasikia kijiji unakoenda kimehamwa. Unageuza pikipiki. Na mtu aliyegeuza safari ya namna ile kwa sababu ya vita harudi upesi. Mwenzangu mmoja mchumba wake alirudishwa kwao hivyo, na leo ana watoto wawili na mwanaume mwingine.

Tupige simu. Simu yangu imekufa chaji, maana nyumbani kwetu mtoto wa Papa Anselme hachajishi kwenye plake hadharani. Ya Papa imekufa wiki nzima.

Papa akanigeukia. "Kimbia Kitchanga, kwenye groupe."

Shangazi akadakia, "Groupe gani, kaka? Mafuta iko imeisha Kitchanga tangu mwezi uliopita. Hakuna kitu kinawaka."

Papa akanitazama. Unajua mtu anapopiga hesabu kichwani na wewe ndiye hesabu.

"Megafone ya Jumapili," akasema, "ulichajisha wapi?"

Nilitaka kudanganya, nawaambia ukweli. Lakini nikafikiria Neema yuko njiani na mjomba wake, nikaona hakuna muda wa uongo mwingine.

"Kwa Mama Sifa, Papa. Mara zote. Miezi sita."

Hakunipiga. Hakupiga hata kelele. Akavaa kofia yake ya Jumapili, akaweka telefone mfukoni, akatoka. Sote nyuma yake.

Mama Sifa alikuwa kwenye cherehani. Alipomuona akasimama kwa heshima zote. "Karibu Papa. Leo jua linakubali telefone?"

Papa akamwambia, "Mama, nisaidie kwanza. Utanicheka kesho."

Akachomeka. Wingu likaja. Papa Anselme, mzee wa kanisa, akakaa kwenye kigoda cha mjane akingoja wingu lipite. Lilipogoma, akapanda ngazi mwenyewe, akaigeuza plake kufuata mwanga, huku Mama anamshikia ngazi na kumwambia asivunje kitu cha wenyewe.

Simu ikawaka. Akapiga.

Papa Bahati alikuwa ameshawasha pikipiki kurudi. Na hakuamini! "Wewe si Anselme. Mumekamata telefone yake, munataka tuingie mutego. Burungu hakuna watu."

"Mimi njo Anselme! Niko Burungu, tumechinja mbuzi!"

"Kila mutu anaweza kusema mbuzi."

Sauti ya Neema nyuma, analia.

Halafu Papa Bahati akasema, "Kama uko Anselme kweli, omba."

Hawa wazee walishakutana mara moja, kwenye mkutano wa makanisa, na Papa alipewa kubariki chakula. Inasemekana ugali ulipoa, ukapashwa, ukapoa tena.

Papa akavua kofia. Akaanza na uumbaji wa ulimwengu. Akapita kwa manabii. Akaombea wajane, wachimbaji wa Rubaya na Bisie, wakimbizi kambini, mbegu za msimu ujao. Alikuwa anaingia kwa wagonjwa Papa Bahati alipopiga kelele:

"Amina! Amina, kaka! Ni wewe! Tunakuja!"

Walifika mchana, matope mpaka kifuani. Neema leo ni mke wangu.

Wageni walipoondoka, Papa aliniita uani, sisi wawili tu. Nilikuwa nimeandaa utetezi mrefu. Akasema:

"Redio imenidanganya siku moja. Wewe miezi sita. Nizime nani?"

Nililia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Nilichojifunza ni hiki: miezi yote ile nilidhani namshinda mzee mwenye mawazo ya zamani, kumbe nilikuwa sijawahi kubishana naye hata mara moja. Nilikuwa namzunguka tu. Siku hizi tunabishana uso kwa uso kila jioni. Mengi ananishinda.

Plake nyumbani bado hataki. Ila kila Ijumaa anaenda kwa Mama Sifa na telefone mfukoni. Ukimuuliza, anasema Biblia imeagiza kutembelea wajane.

Haya, mlio na wazee kama huyu, wekeni vyenu hapa chini. Na wa upande wa redio mnijibu pia, Papa ameniagiza nimsomee kila mtakachoandika.