Gari Hili Lilikuwa la Nani?

Ipo Ijumaa moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu, na nikishamaliza kucheka huona haya. Ndiyo siku niliyoingia kwenye uwanja wa kuuzia magari pale Ukunda, nikaiona pikapu nyeupe, nikaipenda, kisha nikamwambia mwenye kuiuza kwamba nimeipenda. Mwanangu, nimefanya makosa mengi na pesa, lakini hilo la kusema ndilo ninalolihesabu la kwanza.

Umri wangu ulikuwa miaka thelathini hivi, na kazi yangu ilikuwa samaki. Alfajiri niko Shimoni, nanunua samaki wavuvi wanapowateremsha, nawapanga kwenye ndoo pamoja na barafu, kisha naja nazo Diani kwa gari la abiria huku makanga akinung'unika njia nzima kwamba maji yangu yanawadondokea watu viatuni. Alikuwa na haki yake. Sasa, hoteli moja ya Diani ikaniambia itachukua samaki wangu kila siku, mradi wafike kabla ya saa moja asubuhi, na kazi ianze Jumatatu. Mpishi mkuu akaongeza, "Ni vizuri uwe na gari." Nikatoka pale nikiliwaza gari tu. Lingine lolote aliloniambia sikulisikia.

Pesa zilikuwa za mamangu. Yeye alikuwa Mduruma wa Samburu ya Kwale, na alipofariki aliniachia ng'ombe watano katika zizi la kaka yake, mjomba Tsuma. Mjomba alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa kununua na kuuza ng'ombe na mbuzi tangu hajaota ndevu. Nilimpelekea ujumbe awauze wote watano. Hakunibishia. Akasema atakuja nazo pesa mwenyewe Jumamosi, na gari atataka kuliona. Ng'ombe wa sita hakuwako. Gari likitoka bovu, urithi wa mama umekwisha na hoteli nayo imekwisha, nami nimerudi kugombana na makanga.

Hilo nililijua vizuri, na bado Ijumaa ile nilimweleza muuzaji kila kitu. Aliitwa Fadhili, kijana mtanashati, shati limepigwa pasi hata mikononi. Nilimwambia nimeipenda. Nikamwambia hoteli inaningoja Jumatatu. Nikamwambia pesa zipo, zinakuja kesho na mjomba. Alichobakiza kuniuliza ni jina la mtoto wangu wa kwanza, na nadhani hilo pia nilimtajia. Yeye akatabasamu tu na kunitajia bei, nami nikaiona bei nzuri. Kipendacho roho hula nyama mbichi.

Jumamosi mjomba Tsuma akafika na fimbo yake, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, na pesa amezifunga kiunoni ndani ya kitambaa. Hakuwahi kushika usukani maisha yake yote. Nakiri kwamba nilimwonea haya. Nilijiambia, huyu mzee wa ng'ombe atajua nini habari za injini.

Fadhili alimwamkia kwa adabu, "Shikamoo, mzee," wakaulizana hali, na mvua, na watu wa nyumbani, mpaka nikaanza kuchezesha mguu. Kisha Fadhili akasema, "Mzee, bei tumeshazungumza na dada."

"Bei haijafika," mjomba akamjibu. "Bado namsalimu ng'ombe."

Akalizunguka gari polepole mara mbili. Akaweka kiganja juu ya boneti, vile alivyozoea kukiweka ubavuni mwa fahali, akakiacha hapo.

"Huyu ametoka wapi asubuhi hii?"

"Hajatoka, mzee. Yupo hapa tangu juzi."

"Mbona ana joto?"

Fadhili akacheka kidogo. Akasema aliliwasha mapema ili likae tayari.

"Sokoni kwetu," mjomba akasema, "ng'ombe mgonjwa husimamishwa na kutembezwa kabla mnunuzi hajafika. Mimi hupenda kumwona anapoamka. Tungoje apoe."

Basi tukangoja. Palikuwa na benchi ukutani, na mama mmoja akiuza kahawa na mahamri hapo nje. Tulikaa karibu saa mbili, mwanangu, nami naungua rohoni. Nilimnong'oneza mjomba kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Akanisogezea sahani. "Basi kula hamri, tumbo litulie."

Ninayotaka uyatazame ni yale mjomba aliyoyafanya katika saa mbili zile. Aliuliza. Alimuuliza Fadhili magari hutoka wapi, na yapi hurudi kulalamikiwa, na mtu akitaka kuficha kovu la gari hupaka nini, na je, gari la bara na gari la pwani huzeeka sawa? Mwanzoni nilidhani ni hila, kisha nikaona mzee anataka kujua kweli. Macho yalimng'aa. Alisimulia naye jinsi wanavyotambua umri wa ng'ombe kwa meno na pembe, na Fadhili akavuta benchi karibu. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na nimeliona mara nyingi: mtu akiulizwa habari za kazi yake kwa heshima, husahau kidogo kwamba anauza. Fadhili mwenyewe ndiye aliyetuambia kwamba huku pwani gari huliwa kutoka chini, kwa chumvi, na kwamba mnunuzi mjinga hutazama rangi tu.

Alipolisema hilo akaitupia jicho pikapu. Mjomba naye akaitazama. Aliinuka, akafungua mlango wa pikapu, akaingiza kichwa ndani, akakitoa.

"Mwanakombo, njoo unuse."

Nikaenda, nikanusa. "Sisikii harufu yoyote, mjomba."

Mzee akacheka mpaka akaishikilia fimbo. "Nyani haoni kundule. Utainusaje wewe, na ndiyo harufu uliyokuja nayo kutoka nyumbani? Gari hili lanuka samaki."

Mimi, mchuuzi wa samaki, nilikuwa nimekaa ndani ya gari lile siku nzima iliyotangulia, nikapiga honi, nikajitazama kwenye kioo, na pua yangu haikuniambia kitu. Ilimhitaji mtu wa nchi kavu kuja kuninusia. Mjomba akainua zulia la miguuni. Chini yake palikuwa na rangi mpya, nzuri, inayong'aa. Akaigusa kwa ncha ya fimbo, akasukuma kidogo, na fimbo ikazama kama kidole katika andazi. Tukachungulia uvunguni. Fremu iliyobeba mwili wote wa gari ilikuwa imeliwa na kutu, inabanduka kwa vidole.

"Lilikuwa likibeba samaki na barafu," Fadhili akasema kwa sauti ya chini. "Maji ya chumvi."

Akaliwasha. Injini iliyopoa ikakohoa, ikatoa moshi, ikashika kwa taabu. Kisha, bila kuombwa na mtu, akateremsha bei. Mjomba akawa anatazama barabarani. Fadhili akateremsha tena. Mjomba bado anatazama barabarani, pikipiki zinapita, yeye anazitazama moja moja. Niliona bei inashuka kama mtu anayeniletea zawadi, nikashindwa kujizuia.

"Mjomba, hiyo nzuri. Tuchukue."

Bei ikasimama hapo hapo. Nilimwona Fadhili anavuta pumzi.

Mjomba hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alifungua kitambaa kiunoni, akaniwekea pesa zote mapajani. "Ng'ombe walikuwa wa mamako," akasema. "Ukilitaka, lipa, mimi sitakuzuia. Lakini tangu jana umesema mengi na hujauliza hata swali moja. Uliza moja tu, ndipo ulipe."

Niliona aibu, tena nilikasirika. Nilitaka kuuliza chochote ili yaishe. Lakini nilipoutazama ule mlango mweupe, kitu kimoja kikanijia ambacho kweli nilitaka kukijua.

"Huyo aliyekuwa akibeba samaki kwa gari hili," nikamwambia Fadhili, "siku hizi anawabeba kwa chombo gani?"

Angeweza kunidanganya, mwanangu. Mpaka leo sijui kwa nini hakunidanganya. Nadhani ni kwa ajili ya zile saa mbili za kahawa.

"Kwa ndoo," akasema. "Amerudi kwenye ndoo. Ni mama mmoja wa Msambweni, wamwita Mama Saumu."

Nilimjua Mama Saumu. Karibu mwaka mzima ndoo zake zilikuwa zikikaa kando ya ndoo zangu pale Shimoni. Kila alfajiri nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, tukaulizana bei ya samaki, changu na tafi. Nilikuwa nimesikia kwamba zamani alikuwa na gari lake. Sikuwahi kumuuliza lilikwenda wapi.

Nilizifunga pesa, tukaaga. Fadhili alitusindikiza mpaka barabarani, akampa mjomba mkono kwa mikono miwili.

Kesho yake nilimkuta Mama Saumu mahali pake pa kila siku, nikamuuliza. Alinieleza yote bila kuficha: walivyoyaacha maji ya barafu yatiririke sakafuni kwa kuwa ni maji tu, fremu ilivyokatika mzigo ukiwa ndani, mafundi walivyokula faida ya msimu mzima, mpaka akaliuza kwa bei ya kutupa. Kisha akanitazama.

"Nilijua unatafuta gari," akasema. "Watu walinambia. Nikasema, akitaka kujua ataniuliza, ndoo zetu si ziko pamoja?"

Niliteremsha macho nikajifanya napanga samaki. Mimi niliyemweleza Fadhili siri zangu zote kwa siku moja, sikuwa nimempa mama yule nafasi ya kuniambia neno moja kwa mwaka.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Diani kwa mpishi mkuu, nikamuuliza kama ni lazima samaki waje kwa gari langu mwenyewe. Akashangaa. Akasema anachotaka yeye ni samaki baridi kabla ya saa moja, wakija kwa punda ni shauri langu. Nikapatana na mwenye pikapu moja anichukulie ndoo kwa mwezi, na Jumatatu kazi ikaanza. Gari langu nililipata baada ya miezi kadhaa, kwa mwalimu mmoja wa Kwale aliyekuwa akistaafu. Nilifika asubuhi, injini ikiwa imelala. Nilimuuliza kwa nini anauza, na nani humtengenezea, kisha nikaenda kumuuliza huyo fundi. Niliporudi nilitaja bei yangu, nikafunga mdomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba ndoo. Nilihesabu mabati ya paa lake mpaka mwisho, nikaanza upya. Mwalimu akakohoa, akasema yeye alitarajia zaidi, akanyamaza, akasema basi tukutane katikati, na tairi la akiba atanipa. Nikaitikia hapo. Safari hii Mama Saumu alikuwa ameshanionyesha namna ya kuweka barafu kwenye sanduku lisilovuja.

Wajukuu zangu hunicheka siku hizi. Wanasema bibi haendi kununua nyanya ila ajue shamba zilikotoka na mwenye shamba ameoa wapi. Wacha wacheke. Kuuliza si ujinga.

Kwa hiyo, mwanangu, ukienda kununua gari, mapenzi yako yaache nyumbani; ukishindwa kuyaacha, nenda na mtu asiyelipenda gari hilo, umwachie yeye maneno. Kalione likiwa baridi. Kama unaishi na jambo kila siku, pua yako si shahidi, tafuta pua ya mwingine. Uliza kwa sababu unataka kujua, si kwa kumtega mwenzako, na jibu likianza kuja usilikate. Bei ije mwisho, na ukishaitaja yako, mwachie mwenzako zamu. Haraka ya Jumatatu usimwambie mtu, na kwanza hakikisha kwamba ni haraka kweli. Lakini kabla ya hayo yote, mtafute aliyekuwa na kitu hicho kabla yako. Mara nyingi hayuko mbali. Pengine mmekuwa mkisalimiana kila siku, naye anangoja umuulize.

Mola akufungulie njia, mwanangu, akulinde na ajali na mafundi waongo, akujaalie gari ambalo aliyekuuzia akikuona nalo njiani atakupungia mkono bila kuona haya, na wewe ukija kuliuza, uweze kumjibu kila atakayekuuliza. Amina.