Chakula cha Kazi kwa Mariam Poni

Wamenisumbua niandike habari ya Madamu Laetitia, kana kwamba hapa Koboko hakuna waliosoma. Wako, na kalamu ziko mifukoni mwao, lakini wanasema mimi ndiye ninayekaa karibu na shule. Basi naandika. Asiyeweza kusoma mwandiko wangu avae miwani, asinilaumu.

Laetitia ni mtoto wa Gaspard, yule Mkongomani anayeuza vitenge Arua. Alizaliwa Arua, akasomea ualimu, akaletwa Koboko kufundisha shule ya msingi ya kanisa. Ni mwembamba, maneno yake machache, lakini akishika jambo haliachi.

Kuna kitu kilimkera tangu alipofika. Asubuhi watoto walisali kwenye paredi, wale wa Kiislamu wakisimama kimya kwa adabu, amina ikasemwa, na baada ya hapo sala haikuonekana tena mpaka kesho yake. Kazi ya mikono ilikuwa ya wenye makosa. Aliyechelewa alifyeka nyasi, aliyetukana aliosha choo. Mtoto akionekana na jembe, wenzake walimcheka na kumuuliza ameiba nini. Laetitia akaona shule inamsifu Bwana aliyeosha watu miguu, huku ikiwafundisha watoto kwamba kuosha ni adhabu.

Akamwendea hedimasta, Romano, akaomba saa moja kila Jumatano ili darasa lake litoke kusaidia majirani. Romano alisema saa hiyo ni ya hesabu, lakini akampa.

"Ila nikisikia lalamiko moja kutoka nje, madamu, watoto wanarudi kwenye hesabu, na hatutaongea tena habari hiyo."

Laetitia akawapa watoto sheria moja tu: wasipokee kitu. Huduma ni bure.

Wakaenda kwa jirani yangu Mariam Poni, mjane wa askari, Mwislamu. Watoto humwita habuba, kama wanavyowaita nyanya wengine hapa. Mvua ilikuwa imekula ukuta wake. Akawauliza wamefanya kosa gani. Shakira, msichana mwenye mdomo, akamjibu kwamba hawana kosa, wamekuja kusaidia. Mama mzee akawatazama mmoja mmoja, kisha akaingia jikoni. Wao wakachota maji, wakakanyaga udongo, wakaukandika ukuta vizuri. Walipokuwa wananawa, akatoka na sinia la muhogo wa kuchemsha na simsim ya kusaga. Watoto wakatazama chini. Shakira akasema alivyofundishwa, kwamba hawapokei kitu.

Mariam Poni akaweka sinia chini. Akachukua jembe, akaanza kubandua ule udongo mbichi mpaka fito zikaonekana tena. Hakupiga kelele. Watoto wakarudi na matope magotini, na habari ikafika kwa hedimasta kabla yao. Romano alimwambia Laetitia kwamba lalamiko amelipata, na kwamba Jumatatu atatangaza kwenye paredi kuwa saa ile imekwisha.

Jioni hiyo Laetitia akaenda mwenyewe kwa yule mama.

"Habuba, watoto wamekukosea nini?"

"Watoto hawana kosa. Wewe ndiye iko na kosa. Mutu akifanya kazi kwangu, anakula kwangu. Akikataa, anasema mimi ni masikini wa kuokotwa. Ao chakula ya Mwislamu iko na sumu?"

Laetitia akaeleza kwamba alitaka watoto watoe bila kulipwa, kama Yesu.

"Isa wenu hakula kwa watu?"

Laetitia akapitia Injili moyoni. Katika masomo yote ya dini aliyofundisha, Yesu alikuwa mezani kwa mtu: kwa mtoza ushuru, kwa mama mkwe wa Petro, hata kwa Farisayo aliyemnunia. Hakukumbuka mahali alipokataa sahani.

"Alikula," akasema.

"Sasa kula."

Muhogo ulikuwa umepoa, umekauka juu. Akala. Mama mzee akamtazama mpaka akamaliza, ndipo akacheka kidogo, akasema watoto wa Kongo wanajua kula, kufanya kazi ndiyo hajaona bado. Akamwonyesha ukuta. Laetitia akafunga kitenge vizuri, akaanza kubeba udongo.

Jumatatu, kabla ya paredi, Mariam Poni aliingia ofisini kwa hedimasta na sinia kichwani. Romano alifikiri amekuja kuongeza lalamiko, na ili kumtuliza akala, akasifu simsim, akalamba vidole.

"Umekula chakula ya kazi, mtoto wangu," mama akasema. "Jumatano nakungoja."

Walimu walikuwa mlangoni, wakasikia. Romano ni mtoto wa hapa, na hapa chakula cha kazi ni deni la jembe. Anajua anaitwaje mtu anayekula chakula cha kazi akakimbia jembe. Kwenye paredi hakutangaza chochote, na Jumatano alikunja suruali akakanyaga udongo pamoja na darasa. Saa ile iko mpaka leo. Sheria ya Laetitia nayo ilibadilika: mtoto hadai kitu, wala hakatai sinia. Na siku hizi aliyechelewa ndiye anayebaki ndani na hesabu, akiwasikia wenzake wakitoka na majembe.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, umekula. Ukuta wa jiko langu, upande wa mvua, umeanguka. Njoo na jembe. Udongo uko, maji utachota mwenyewe, na sinia usiniulize, utalikuta.