Kiti cha Bwana Tidwell Katika Theluji

Jumamosi, tarehe 20 Januari 1979, watu sita walikutana katika chumba cha kufulia nguo, chini ya jengo moja mjini Chicago, ili wazungumze juu ya riwaya. Kwa kawaida walikuwa saba.

Aliyekianzisha kikao hicho ni Wanda Pietrzak, mjane aliyeitumia nusu ya umri wake kuunganisha simu za watu asiowajua. Sauti alizitambua; nyuso hakuziona. Alipostaafu aliapa kwamba majirani zake wa mtaa hawatakuwa sauti tupu. Basi kila Jumamosi alileta kwa gari kahawa na keki, wakasoma hadithi za miji ya kwao: makarani walao peke yao, wanawake watazamao dirishani hadi taa zizimike.

Riwaya ya siku hiyo ilimhusu mtu aliyeugua chumbani mwake pasipo jirani kujua.

"Mwandishi katia chumvi!" alisema Gus, kinyozi. "Mtu augue, mko ukuta kwa ukuta, msijue?"

"Haya, jirani yako wa kushoto anaitwa nani?" Lorraine, mwalimu, alimchokoza.

"Anaitwa... ana mbwa."

Wakaangua kicheko. Wanda naye alicheka, kisha jicho lake likatua kando ya bomba la joto, mahali pa Bwana Tidwell, mpanga herufi za chapa mstaafu, mtu wa maneno machache. Hakuwapo, wala kiti alichozoea kushuka nacho, chenye mto wa kijani alioushona Wanda mwenyewe.

Kiti hicho Wanda alikuwa amekiona barabarani. Baada ya dhoruba ya theluji, mwenye kufukua nafasi ya gari lake huweka kiti pale, na Chicago nzima hukiheshimu. Hakuna akigusaye wala aulizaye. Tangu Alhamisi alikipita kama wengine.

"Jamani," alisema, akikiweka kikombe chini, "Tidwell hana gari."

Wakapanda ngazi. Mlangoni pa Tidwell Lorraine alisita. "Tusije tukamwingilia faragha yake."

"Faragha ataikuta kaburini!" Wanda akagonga kwa ngumi.

"Sukumeni, sikukomea," ilijibu sauti hafifu. "Mgongo umegoma."

Walimkuta kitandani, midomo imemkauka. Simu ya wapangaji ilikuwa chini kabisa, naye aliweza kujikokota hadi kwenye bomba la maji tu.

"Nafasi ile nilikufukulia wewe, Bi Wanda," alisema. "Unaliegesha gari mbali mno, kisha unalibeba hilo birika lako zito la kahawa."

"Na usiniambie, mzee wee?"

"Nilidhani utakijua kiti."

"Nilikijua. Kosa langu ni kukiheshimu."

Daktari alikuja, akaagiza dawa na mapumziko. Gari la Wanda likaingia mahali palipofukuliwa, na kiti kikapandishwa ghorofani. Jioni Lorraine na wengine watatu walirudi kwao. Waliobaki ni watatu: Tidwell kitandani, Gus akimnyoa ndevu, na Wanda juu ya mto wa kijani, akisoma kwa sauti.