Nyota Nne Nilizoipa Boti ya Kismayo

Ndugu zangu, nilisema uongo wa neno moja na mtoto akafa. Naanza na hilo, kwa sababu nikianza na vita mtanihurumia, na mimi sitaki kuhurumiwa.

Mimi ni Mbajuni wa Chula, kisiwa cha Somalia karibu na Kismayo. Shule niliiacha darasa la nne, si kwa ujinga, ni kwa miguu tu. Haitulii! Nikisikia kuna mji sijauona, silali. Nimeosha vyombo Mogadishu, nimebeba magunia Aden, na mwisho nikapata kazi Mombasa ya kutandika vitanda kwenye meli ndogo ya watalii, moja ya zile zinazozunguka Zanzibar na Shelisheli na Wazungu wachache wenye kofia kubwa.

Huko ndiko nilikojifunza habari ya nyota.

Siku moja alipanda mkaguzi. Kazi yake ilikuwa kuzilinganisha meli ndogo kama yetu na kuzipa nyota katika kitabu, ili matajiri wa Ulaya wajue wapande ipi. Wiki nzima kabla hajafika tulipiga rangi. Alipewa chumba bora, bure. Mimi ndiye niliyemtandikia. Alihesabu mataulo, akapima kitanda kwa utepe, akanusa sabuni, akala kamba wakubwa siku mbili mfululizo na kuwasifu.

Wakati anakula, chini kabisa ya meli fundi wetu, mtu wa Faza, alikuwa ameifunga pampu ya kutolea maji kwa kamba ili isitikisike ikakatika. Nilishuka kumpelekea chai.

"Mkaguzi atakuja huku saa ngapi?" nikamuuliza.

Akacheka mpaka akamwaga chai. "Huku? Bwana mdogo, nyota ziko juu. Huku kuna grisi!"

Tukapata nyota tano. Meli nyingine, saizi ileile, njia ileile, ikapata tatu kwa sababu zulia lake limepauka na sabuni zake ndogo. Na mabaharia wa meli ile walituambia chini kwao ni pakavu, unaweza kutandika mkeka ukalala. Mimi nilicheka sana. Nikawasimulia watu bandari nzima jinsi yule bwana mwenye utepe alivyolishwa akalainika. Nilijua, jamani! Kosa lake nililijua kuliko mtu yeyote. Kitabu chenyewe abiria mmoja alikisahau chumbani, nikakichukua. Kiingereza changu ni cha kuombea maji tu, lakini nyota nilizisoma.

Kazi ikanichosha, nikarudi Chula na kitabu changu begani. Haukupita muda vita vikaingia Kismayo.

Sitavisimulia. Wenye kuviona wanavijua. Watu walikuja visiwani na walichokivaa, kisha wenye bunduki wakawafuata huko huko, wakachukua nyavu, mashine, mabati ya nyumba. Ikawa hakuna la kungoja. Kila mtu anauliza chombo cha kumvusha Ras Kamboni, aingie Kiunga, Kenya, na aende zake.

Na mimi, niliyetandika vitanda melini, nikageuka mtaalamu! "Muulizeni yule, amefanya kazi meli za Wazungu." Wakaja. Nami nikakitoa kitabu, nikakifungua mbele yao, nikaanza kuvipa nyota vyombo vilivyotia nanga. Kwa chaki, kwenye ukuta wa duka lililofungwa. Ee Mola, nisamehe. Watu wanakimbia kifo na mimi nilikuwa nafurahi kwamba hatimaye kuna mtu ananisikiliza.

Juma lile vilibaki vyombo viwili.

Kimoja kilikuwa cha Ami Shee, mzee wa kisiwa cha Fuma. Kifupi, cheusi, kinanuka mafuta ya papa mpaka unataka kutapika. Hakina kivuli wala pa kukaa. Nikakipa nyota moja.

Ami Shee alipita ukutani akasimama. "Hii moja ndiyo yangu?"

"Ndiyo, Ami."

"Basi iandike kubwa. Macho yangu mabovu, nataka niione nikiwa Kiunga."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka zaidi yao.

Cha pili kilikuwa boti ya tajiri mmoja wa Kismayo. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya kijani. Ina turubai la kivuli, mabenchi yenye mito, choo cha mbao nyuma, na pipa kubwa la maji ya kunywa. Tajiri yule aliniita niikague, na alinitandikia mkeka juu ya sitaha. Wali, mbuzi, ndizi. Nilikuwa sijaona nyama kwa muda mrefu sana. Kila tonge aliniita "Mheshimiwa Mkaguzi". Alinionyesha mito, nikaibonyeza. Alinionyesha choo, nikakisifu.

Nilipomaliza kula nikainua ubao wa chini, niitazame ngama. Kwa wasiojua, ngama ni pale chini kabisa mwa chombo, maji yanapokusanyika. Mlikuwa na maji. Si mengi, lakini yalikuwapo.

Tajiri akasema haraka, "Hayo ya pipa. Pipa linadondosha kidogo, nimeshamwambia fundi."

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwetu visiwani, mtu anayekidhamini chombo mbele ya watu lazima aonje maji ya ngama. Anachovya kidole, anaweka ulimini. Yakiwa matamu, ni mvua au pipa. Yakiwa na chumvi, bahari inaingia, na hupandi. Kila mama wa Kibajuni anajua hivyo. Ni kazi ya kupepesa jicho!

Mimi sikuonja.

Nilikuwa nimeinama, kidole kimeshanyooka. Nikaona mikono yangu bado ina mafuta ya mbuzi wake. Nikajiuliza, nitamwonjaje mtu maneno yake mbele ya watu wake, na chakula chake hakijashuka tumboni? Nikaona pia haya ya kijinga, kwamba mkaguzi wa kitabu haonji maji machafu. Nikaurudisha ubao. Nikaenda ukutani nikachora nyota nne.

Dada yangu Somoe alikuwa ameshapeleka furushi lake kwa Ami Shee. Mumewe alikuwa amepotea Kismayo, hana habari zake. Alibaki na Amina tu, binti yake wa miaka minne, mtoto aliyekuwa akinifuata kila mahali akiuliza maswali kama mimi. Somoe akanijia pale ukutani, Amina mgongoni.

"Kaka, ile ya kijani umeipa nne kweli?"

"Nne. Ina kivuli. Amina hataungua jua."

"Ngama umeionja?"

Pale, jamani. Pale ndipo. Ningesema "bado", ningerudi botini kwa hatua hamsini, ningeonja, na leo Amina angekuwa mama wa watu.

Nikasema, "Nimeionja."

"Ikoje?"

"Tamu. Ni maji ya pipa."

Hakuuliza tena. Alikwenda kwa Ami Shee akachukua furushi lake.

Asubuhi boti ya kijani ilijaa mpaka ngazini. Watu waliuamini ukuta wangu. Tajiri mwenyewe alipanda na mama yake mzazi, hivyo nafikiri hata yeye aliamini ni pipa. Mimi nilikosa nafasi, nikapanda chombo cha nyota moja. Amina alinipungia mkono kutoka chini ya turubai. Amekaa juu ya mto kama bibi harusi!

Tuliondoka pamoja. Wao walikuwa na mashine kubwa wakatutangulia. Jua lilipofika utosini tukawaona tena, wamesimama. Ami Shee akakunja uso. "Mbona imekaa chini vile?"

Tuliposogea tukaona watu wanakumba maji kwa sufuria, kwa viatu, kwa mikono. Rangi ile ilikuwa imefunika ubao uliooza, na mashine ilivyokuwa ikitetema, mbao zikaachana. Tulisikia kelele. Kisha boti ikainamisha pua, na turubai lile la kivuli, nililolipa nyota mimi, likawafunika watu kama wavu. Waliokuwa chini yake hawakutoka.

Ami Shee aliingiza chombo chake katikati. Tuliwavuta tuliowaweza. Somoe nilimshika nywele, nikampandisha. Kanga ya kubebea mtoto ilikuwa bado imefungwa kifuani kwake, fundo limekaza. Mgongoni hamna mtu.

Alipapasa nyuma mara moja, mara ya pili. Kisha akanitazama mimi.

Nilirudi majini. Nilizamia mpaka damu ikanitoka puani, mpaka wakanifunga kamba wakanirudisha kwa nguvu. Sikumpata.

Chombo cha Ami Shee kilichukua watu mara mbili ya uwezo wake, na hakikuingiza hata tone. Njiani Ami Shee akauliza, "Nani aliionja ngama ya boti ile?"



Somoe akajibu, "Kaka yangu aliionja. Ilikuwa tamu. Hii ni kadari ya Mungu, msimlaumu."

Ami Shee alinitazama. Alijua sikuonja, maana ubao uliooza hauingizi maji matamu. Alinikabidhi ndoo ya kukumbia na kuniashiria ngama yake, iliyokuwa kavu. Nikakaa nayo mapajani mpaka Kiunga. Mzee yule alifia kambini, akaenda na siri yangu.

Tangu hapo nimezunguka, kama kawaida yangu, lakini hakuna mji uliokuwa mbali vya kutosha. Somoe alipata mume mwingine Mombasa, akajaliwa binti. Kila mwaka anamsomea Amina khitma, na sahani ya kwanza ya pilau, kabla ya maalimu, kabla ya mumewe, ananipa mimi. "Huyu ndiye aliyezama kumtafuta mwanangu." Nami naipokea! Naila! Miaka yote hiyo naila.

Juzi binti yake, anayefanya kazi ofisi ya safari, alinionyesha simu. Meli mbili ndogo za watalii, picha za vitanda, nyota nne na nusu, nyota tano. "Mjomba, mteja ananiuliza ipi nzuri. Hizi nyota ni za kweli?"

Kabla sijafungua mdomo, Somoe akasema kutoka jikoni, "Muulize vizuri mjomba wako. Yeye hasemi kitu kabla hajaonja."

Nilitoka nje, nikatafuta kalamu na karatasi.

Ninyi mnaosoma, msiiamini nyota kabla hamjamjua aliyeitoa. Muulizeni alikula kwa nani. Muulizeni kama alishuka chini alipo mtu wa grisi, au aliishia kwenye mito. Na wewe unayeulizwa, ukiwa hujaonja, sema hujaonja. Aibu yake inapita hata kabla hujanawa mikono. Hii yangu haijapita.

Kesho ni khitma ya Amina. Mchele wa pilau umeshachambuliwa, nimeuona. Somoe atatoka na sahani ya kwanza, atanyoosha mikono kwangu mbele ya watu wote. Nitamwambia, "Dada, irudishe. Sikuonja."

Naogopa. Naogopa kuliko siku ile majini. Nimewaandikia ninyi kwanza ili kesho nisipate pa kukimbilia.