Jina Langu Chini ya Ramani

Shangazi Kabula si mtu wa kupiga simu. Kwake simu ni chombo cha misiba. Kwa hiyo Jumamosi ile mchana, nikiwa nafua nguo zangu Dodoma, nilipoona jina lake likiwaka kwenye kioo, nilipokea mikono ikichuruzika povu.

"Shija," akasema, "ile karatasi ya mipaka wameibandika ofisi ya kijiji, wiki ya pili hii. Wanasema ngitili yangu imekuwa malisho ya watu wote. Nikaenda. Mtendaji akanisomea, jina lako liko pale chini. Jina lako nimelikuta, wewe sijakuona. Ulikuja lini?"

Nikasema nakuja. Akasema, "Haya," akakata.

Shangazi ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, huko kwetu Mwamapalala, wilaya ya Itilima. Na ngitili, kwa asiyetoka Usukumani, ni kipande cha mbuga ambacho mwenyewe anakifunga mvua zikianza, ng'ombe wasiingie, ili majani yakue yasubiri kiangazi. Hakina uzio wala bango. Kinafungwa kwa mdomo tu: ukishatangaza kimefungwa, majirani wamesikia, basi. Kiangazi kikikaza unafungua, na ng'ombe wako wanavuka salama. Shangazi ana ng'ombe tisa na goti bovu. Hawezi kuifuata mifugo mbali. Bila ile ngitili angelazimika kuwauza wote na kwenda kukaa kwa binti yake Mwanza, jambo ambalo amelikataa kila mwaka anapoulizwa.

Mimi ni mpima ardhi. Zamani nilikuwa nalitamka hilo kwa kujidai. Lakini miaka hii mitatu nimekuwa mkaa kitini. Kampuni inarusha droni kijijini, picha zinaingia kwenye kompyuta, na akili mnemba inachora mipaka yenyewe. Penye uhakika inapaka kijani, inaposita inapaka njano. Mimi nakagua njano, naweka sahihi, nagonga muhuri. Ngitili ya shangazi ilikuwa kijani tupu. Mashine haikuwa na shaka, na mimi sikuwa na shaka na mashine. Kijiji nilichochungia ng'ombe kilipita mbele ya macho yangu kati ya chai na chakula cha mchana, nikakisaini kama vingine.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa stendi. Muda wa pingamizi ulikuwa unaisha Ijumaa, na baada ya hapo ramani ingekwenda wilayani. Neema, binti anayeendesha ile programu ofisini, alikuja kuniletea bahasha yenye picha za eneo nilizomwomba Jumapili.

"Kaka Shija, nimekesha na hizi picha kichwani," akasema. "Zilipigwa Septemba. Nimeona udongo mtupu na njia za ng'ombe zinakatiza kila upande. Hata ningechora kwa mkono wangu ningesema ni malisho ya kijiji. Hiyo ngitili inafananaje?"

"Ni majani tu," nikamjibu. "Septemba inakuwa imefunguliwa, ng'ombe wameshakula."

"Sasa mashine ingejuaje? Na mimi ningejuaje? Wa Moshi mimi!"

Nilipanda basi nimenuna. Nilikuwa nataka mtu wa kumlaumu, na yeye ameninyang'anya. Ofisi nzima aliyeijua ngitili alikuwa mmoja, na huyo mmoja hakufungua mdomo.

Singida hadi Nzega niliegemea dirisha, nikimkumbuka Mzee Lugata, mpima aliyenifundisha kazi, Mungu amlaze pema. Alikuwa na mnyororo wa kupimia uliochakaa, na hakukubali kuugusa kabla wenye eneo hawajafika. Tukifika shambani mimi nakimbilia vifaa, yeye ananishika shati. "Tulia wewe! Mpima anatembezwa, hajitembezi." Basi tulikuwa tunasubiri mpaka mwenye shamba na majirani zake wote wasimame, watangulie, sisi nyuma. Nilikuwa nachukia kule kusubiri. Ndani ya lile basi nilitamani kusubiri kule kule. Nilitamani jua lile, viatu vyenye tope, watu wanaobishana juu ya kisiki. Kiti changu cha Dodoma kinazunguka na kina pumziko la mikono, lakini kwa miaka mitatu hakuna aliyenitembeza popote.

Maswa tulifika jioni, mvua imetoka kupita. Kondakta akafungua kioo, ikaingia harufu ya udongo wetu mweusi ulionyeshewa. Mama mmoja kiti cha mbele aliivuta kwa nguvu akasema peke yake, "Aa, nyumbani." Mimi nikageuza uso. Kando ya barabara watu walikuwa wakitoka palizi ya pamba, majembe mabegani.

Bariadi nililala nyumba ya wageni karibu na stendi, baada ya kula sato wa kutoka Lamadi aliyekaangwa mpaka mapezi yakawa yanavunjika. Kwa miaka nilikuwa nikiwasimulia watu wa Dodoma juu ya samaki huyo. Nilimaliza nusu.

Jumanne, saa tatu asubuhi, pikipiki ilinishusha Mwamapalala. Shangazi alikuwa anaanika michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande, juu ya mwamba nyuma ya nyumba.

"Mwangaluka, shangazi."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Salamu ya Kisukuma ilipokwisha, akaniuliza habari za Dodoma, za kazi, za watoto, za safari, kwa utaratibu, kama anavyomsalimu bwana shamba. Kisha akaingia ndani akatoka na kiti. Kile cha kukunja, chenye kitambaa, ambacho kinatolewa akija padri. Jamani! Mimi kwenye nyumba ile nilikuwa nakaa juu ya kinu kilicholazwa, na nikikikosa nakaa chini. Akakikung'uta kile kiti, akakiweka mbele yangu, akarudi kwenye michembe yake. Nilikikalia, nikatamani ardhi inimeze.

"Shangazi, sikufanya kusudi," nikasema.

"Watu wanasema umenigawa."

"Ni mashine ilichora."

"Mashine ina jina?" akauliza bila kugeuka. "Mtendaji alisoma jina moja tu."

Saa tano alikuja Jilala, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye shamba lake limepakana na ngitili upande wa mashariki. Nilimuuliza kwa nini hakuna hata mtu mmoja aliyeweka pingamizi. Akanishangaa.

"Tumpinge nani? Msomi wa ukoo mwenyewe kasaini. Tukajua mmekaa kikao cha ukoo mkaamua. Mimi nikasema moyoni, huyu kijana mji umemla, lakini ya ukoo ni ya ukoo. Na sikufichi, ng'ombe zangu nazo zingepata majani." Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Kabula hajaongea nasi wiki mbili."

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa kosa. Nilidhani sahihi yangu ni ya ofisini. Kumbe kule nyumbani iliwafunga midomo wote ambao wangeweza kuisahihisha.

Jumatano asubuhi tulitoka kwenda mbugani: shangazi na fimbo yake, Jilala, na jirani mwingine wa upande wa magharibi, mama mmoja mnyamavu aitwaye Minza. Nilibeba kipima-satelaiti begani. Tulipofika, nilisimama. Kwenye picha za Neema palikuwa udongo mtupu. Sasa majani yalinifika kiunoni, mabichi, yanalala upepo ukipita, na hakuna hata kwato moja iliyoingia. Mbuga nzima ya jirani imelambwa, na pale hakuna aliyegusa, kwa sababu tu mwanamke mmoja mwenye goti bovu alisema amefunga. Nikatamani mashine ingeona hilo. Nikatamani zaidi ningeliona mimi.

Nilitaka kujionyesha. Nikawahi mbele, nikaweka kifaa chini ya mti mmoja wa mgunga. "Kona ya kwanza hii hapa. Naikumbuka kabisa."

Shangazi akaegemea fimbo. "Hapo ulikuwa unalala."

"Eh?"

"Hapo ulikuwa unalala usingizi, ng'ombe wanaingia kwenye mtama wa baba yake Jilala. Ndiyo maana unapakumbuka! Mpaka uko kule kwenye kichuguu."

Jilala alicheka mpaka akachuchumaa. Hata Minza alificha mdomo kwa kanga. Nami nikacheka, ila mashavu yanawaka. Hata ningekuja na picha nikachora kwa kumbukumbu yangu mwenyewe, ningekosea hatua sitini na kitu, na ningeapa.

"Shangazi," nikasema, "naomba unitembeze."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Halafu akatangulia.

Tulikwenda pole pole kwa ajili ya goti. Kutoka kwenye kichuguu tukafuata kijito mpaka kwenye jiwe la kunolea mapanga, ambalo marehemu baba yangu alilibeba begani kulileta pale siku alipopatana na baba yake Jilala juu ya mpaka. Lina shimo katikati kwa kunolewa. Nilitia kidole humo nikakiacha kwa muda, na wenzangu wakajifanya wanaangalia mawingu. Kila pembe shangazi alisema, "Ni hapa," jirani akaitikia, "Ni hapo," ndipo nikabonyeza. Asubuhi nzima iliisha kwa pembe saba. Droni ilichukua chini ya dakika kumi.

Alhamisi, ofisi ya kijiji, niliandika barua ya kuondoa sahihi yangu. Mtendaji akasema ingetosha kuigonga muhuri na kuiweka kwenye faili. Nikamwomba niisome kwa sauti, kwa kuwa na wale waliokuwa nje wakisubiri huduma walikuwa wamesikia vingine. Nikasoma: kwamba ramani ilichorwa na mashine kwa picha za kiangazi, kwamba mimi mpima sikufika eneo, kwamba nilisaini nisichokitembelea, na kwamba shangazi yangu Kabula hajagawa kitu. Barua kama ile inaweza kumnyima mpima leseni, na nilijua.

Mzee mmoja dirishani akasema, "Aa, kumbe!" Akaenda zake. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yote.

Ijumaa alfajiri shangazi alinifungia michembe kwenye mfuko. Nilipotoka kunywa uji nilikuta kile kiti cha padri kimerudishwa ndani. Nikakaa kwenye kinu. Uji ule nitautamani mpaka nife. Nilikuwa nimeanza kujiona mtu aliyemaliza kazi.

"Shija," akasema pikipiki ikinguruma, "karatasi kama ile umesaini ngapi?"

"Vijiji saba, shangazi."

"Wabeja, asante. Hiki kimoja umekirudia." Akaupima ule mfuko wa michembe kwa mkono, akanikabidhi. "Na kule kwingine, shangazi yako ni nani?"

Nilipanda pikipiki nimekumbatia mfuko. Maswa, Shinyanga, Nzega, swali lilikaa na mimi kiti kimoja.

Dodoma, Jumatatu, nilimwekea meneja barua mezani, pamoja na nyingine ya kuzuia vile vijiji sita. Alifoka, na haki yake kufoka. Neema hakufoka. Alivuta kiti akafungua kompyuta, akasema nimweleze ngitili upya, ya mvua na ya kiangazi, naye aanze kutafuta picha za majira yote mawili kuifundisha programu. Tulishinda pale mpaka jioni, mimi nikimwonyesha kichuguu kinavyoonekana kutoka juu, yeye akinionyesha mashine inavyofikiri, jambo ambalo kwa miaka mitatu niliona aibu kuuliza. Mwisho akachapisha orodha ya kila kipande cha kijani ambacho hakijakanyagwa na mtu. Ilikuwa ndefu. Siwaambii mtupe mashine, maana ilinionyesha mambo ambayo miguu yangu isingefika. Nasema tu kwamba sahihi ni ya mtu, na mtu sharti awe amefika, na akifika asitangulie.

Haya nayaandika nikiwa Sola, wilaya ya Maswa, kijiji cha kwanza kati ya vile sita. Leseni yangu bado iko mezani kwa watu wengine. Mchana huu nimepelekwa kwa mama mmoja ambaye sijapata kumwona, mwenye kipande cha majani nyuma ya shamba lake la pamba. Kwenye orodha ya Neema ni kijani. Mama alinitazama kwa mashaka, kisha akaingia ndani kunitafutia kiti. Nikamzuia mlangoni.

"Asante, mama, sikai," nikamwambia. "Naomba unitembeze."