Madaftari ya Mjukuu Wangu Yalinihadaa

Nianze kwa kutenganisha mambo. Kwamba mjukuu wangu hasikii, hilo niliambiwa. Kwamba alikosa shule iliyomfaa kwa mwaka mzima, hilo nililishuhudia, maana mkosaji ni mimi.

Tunaishi Kariakoo, juu ya duka la vitenge la mwanangu. Vipaza sauti vya wachuuzi hunguruma chini ya dirisha tangu asubuhi. Mjukuu huyo, binti wa miaka minane, alipoitwa asiitike, sikushangaa. Nani pale huitika mara ya kwanza?

Siku moja mke wa mwanangu akanijia sebuleni.

"Baba, mwalimu anashauri tumhamishie shule yenye kitengo cha watoto viziwi."

"Mwalimu anashauri! Wewe mwenyewe umeona nini?"

"Nimemwita mara nne, baba. Hakugeuka."

"Hata mimi uliniita mara nne jana nikisoma gazeti. Nami utanipeleka huko?"

Nikafungua madaftari ya mtoto. Vema tupu! Mwandiko umenyooka, hesabu zote sahihi. Nikatangaza mbele ya familia nzima kwamba ushahidi wa macho umeshinda porojo. Ole wangu!

Shule ilipofungwa, nikaenda mwenyewe kuchukua matokeo. Mwalimu akanikabidhi karatasi ya mtihani. Mwandiko wa mjukuu wangu naujua. Mahali pa jina alikuwa ameandika, kwa unadhifu wa hali ya juu: Zuhura.

"Zuhura ndiye nani?"

"Mwenzake wa dawati, mzee. Ananakili kila kitu. Mwaka huu nimefundisha akina Zuhura wawili."

"Mbona hamkutuarifu?" nikafoka.

"Niliandika barua tatu, mzee. Zote ulizirudisha umezisahihisha lugha kwa kalamu nyekundu."

Jamani, aibu iliyonipata! Ilikuwa kweli. Ya pili nilikuwa nimeipa alama tano kwa kumi.

Mwaka mzima mtoto yule alikaa akifuata mkono wa mwenzake, neno moja asipate, nami nikimpongeza kwa sauti asiyoisikia! Leo yuko kwenye kitengo, ameanza upya darasa la kwanza, mrefu kuliko wote. Kila nikiwaona wamepanga mstari, moyo unanichoma.

Enyi babu wenzangu, mwalimu akiwaita, nendeni! Kaeni darasani mmtazame mtoto, si daftari lake. Na barua isomeni kwanza, kalamu ikae mfukoni.

Nimeambiwa anaendelea vizuri, sijathibitisha. Nimeambiwa pia kwamba wanafunzi pale humpa kila mtu jina la ishara, la kuonyeshwa kwa mikono na uso, na kwamba mjukuu wangu amekwisha kunipa langu. Nilipuuza.

Jumatatu nilifika getini kumchukua. Msichana nisiyemjua kabisa akanitazama, akageukia dirisha la darasa, akakunja uso na kuvuta pembe za mdomo wake chini kwa vidole viwili.

Mjukuu wangu akatoka mbio, mkoba mgongoni.